Nikiuliza "kwa nini", darasa zima linanyamaza: nifanyeje?

Chaki Mkononi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Naomba ushauri juu ya jambo linalonisumbua tangu muhula huu uanze. Ninafundisha Hisabati na Sayansi darasa la sita katika shule ya msingi ya Serikali hapa Tanzania. Darasa lina wanafunzi 78 na kipindi ni cha dakika 40. Majuma matatu yaliyopita mwalimu mwenzangu aliketi nyuma ya darasa langu, kama tulivyokubaliana katika mafunzo yetu ya ndani ya shule, akaandika kila swali lililotoka kinywani mwangu. Baada ya kipindi alinionyesha daftari lake: maswali 43. Nilijiona mwalimu mwenye bidii, mpaka tulipoanza kuyapitia moja baada ya jingine.

Maswali 19 yalikuwa "Tumeelewana?" na "Tuko pamoja?", ambayo huitikiwa "Ndiyooo, mwalimu" hata na mtoto anayetazama mbuzi dirishani. Mengine 21 yalikuwa yale ya kumalizia neno: naandika ubaoni, nageuka, nasema "Mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa ju...", na darasa zima linapokea "aaa!" kwa sauti inayofika ofisini kwa mwalimu mkuu. Mawili yalikuwa ya kutaja. Lililobaki lilikuwa moja tu, nalo ndilo lililonifanya niandike hapa.

Nilikuwa nimeuliza, "Kwa nini mbegu inahitaji maji ili iote?" Darasa likanyamaza. Baada ya muda ambao mwenzangu aliukadiria kuwa sekunde mbili, nilimwinua mwanafunzi wa dawati la mbele ninayemtegemea siku zote, naye akasema, "Kwa sababu mbegu bila maji haiwezi kuota." Nikasema, "Vizuri sana, mpigieni makofi." Wakampigia yale makofi matatu ya pamoja, nami nikaendelea na somo. Ni mwenzangu aliyeniuliza baadaye kama nilisikia mtoto alijibu nini. Sikuwa nimesikia. Nilichosikia ni maneno "mbegu", "maji" na "kuota" yakiwa yamepangika vizuri.

Sihitaji kukumbushwa ngazi za Bloom, zile za kupanga malengo na maswali kwa kina cha kufikiri. Chuoni tulizikariri zote sita, kutoka maarifa hadi tathmini, na ninapoandika andalio la somo najua mahali pa kuweka "wanafunzi waongozwe kuchanganua". Shida yangu haiko kwenye karatasi. Nataka kujua mwenzangu mwenye darasa kubwa hutungaje swali ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kunirudishia maneno yangu mwenyewe, na hufanya nini katika ule ukimya unaofuata, macho ya watoto wote yakimtazama.

Mkufunzi Mstaafu

Mwalimu, umekubali mtu ahesabu maswali yako, jambo ambalo mimi sikuthubutu kulifanya kwa miaka mingi niliyokuwa kazini. Nianze na ukimya, kwa sababu naona ndio unaokutisha zaidi.

Huko Marekani alikuwapo mtafiti wa elimu ya sayansi aliyeitwa Mary Budd Rowe, ambaye alisikiliza vipindi vingi vya sayansi vilivyorekodiwa, akapima muda kati ya mwalimu kumaliza swali na mwalimu kusema tena. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 ilionekana kwamba walimu, kwa wastani, walisubiri kama sekunde moja tu, kisha wakalirudia swali, wakalibadilisha, au wakamtaja mwanafunzi mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wasiozoea kusema walianza kusema, majibu ya "sijui" yalipungua, na watoto wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Kwa hiyo sekunde zako mbili, Mwalimu, si haba.

Hata hivyo, watu wengi wanaomtaja Rowe husahau kwamba alipima kimya mbili. Ya kwanza hufuata swali. Ya pili hufuata jibu. Hiyo ya pili ndiyo niliyokuja kuiona kuwa na thamani zaidi, na ndiyo iliyokosekana siku ile darasani kwako. Mtoto alipomaliza sentensi yake, wewe ulisema "Vizuri sana", na neno hilo, zuri kama lilivyo, lilimwambia yeye na wenzake wote kwamba kazi ya kufikiri imekwisha. Makofi nayo yakafunga mlango kwa komeo. Ungenyamaza hapo kwa sekunde tatu, ukimtazama kwa uso wa mtu anayetaka kusikia zaidi, huenda yeye mwenyewe angetambua kwamba amelirudia swali.

Mimi nilipokuwa chuoni niliwafundisha walimu tarajali neno moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha mbinu za kufundishia, nalo ni "Enhe". Mtu anaposimulia kisa barazani, msikilizaji husema "Enhe", na msimuliaji huendelea, kwa sababu amejua kwamba anasikilizwa na kwamba hajamaliza. Halisifu wala halikosoi. Badala ya "Vizuri", jaribu "Enhe?" kisha unyamaze. Ukiona unashindwa kunyamaza, ficha mkono mfukoni ukunje vidole kimoja kimoja mpaka cha tano. Juma la kwanza utateseka. Wengine walikuwa wakiniambia kuwa vidole vitano ni virefu kama kipindi kizima.

Sasa kuhusu swali lenyewe. "Kwa nini mbegu inahitaji maji" ni swali ambalo sentensi yake tayari ina jibu, kwa hiyo mtoto hulipindua tu. Chukua jambo ambalo analo nyumbani. Mwambie, "Mahindi yaliyo ndani ya debe kwenu yamekaa tangu mavuno na hayajaota. Hewa imo, joto limo. Yamekosa nini, na mnajuaje kwamba ni hicho?" Bila shaka mmoja atasema yamekosa mwanga, maana huo ni upotofu wa kawaida kabisa. Usimsahihishe. Uliza darasa, "Maharage tunayofukia shambani, kule chini ya udongo, yanapata mwanga wapi?" Hapo hata mtoto asiyekumbuka mstari mmoja wa nukuu zako ana kitu cha kushika, kwa kuwa amewahi kupanda maharage.

Kuhusu "Tumeelewana?", ushauri wangu ni mfupi: liache kabisa.

Mwalimu wa Taaluma

Shikamoo Mkufunzi. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba niseme yale ambayo wengi watayasema ofisini baada ya kufunga ukurasa huu. Mada ni nyingi, mwaka ni mmoja, na mzazi anapokuja shuleni huulizia wastani wa matokeo, wala hatauliza mwanawe alinyamaza sekunde ngapi kabla ya kujibu. Mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua. Mwalimu akitumia dakika 15 kujadili debe la mahindi, nani atamalizia mada ya umeme?

Tena tusisahau malezi. Mtoto wetu amefundishwa nyumbani kwamba hajibizani na mkubwa. Leo unamwambia apinge jibu la mwenzake mbele ya mwalimu. Kesho atampinga baba yake mezani, na lawama itarudi kwetu.

Gredi ya Tano, Pwani

Salamu kutoka Kilifi, walimu wenzangu. Sisi huku Kenya, tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa, tuna safu nzima katika miundo ya mtaala inayoitwa "swali dadisi". Kila mada ndogo ina lake. Nilidhani tumepona. Baada ya muda nikagundua kuwa swali dadisi nalo linaweza kusomwa kwa sauti ya kibwagizo na kujibiwa kwa sauti ya kibwagizo, kwa hiyo simhusudu mtu kwa sababu ya safu hiyo. Kinachoamua ni swali la pili, lile ambalo halijaandikwa popote kwa sababu linategemea alichosema mtoto.

Ila nina neno juu ya "kwa nini". Nilijisikiliza siku moja nikatambua kwamba kuanzia asubuhi mpaka saa nne nilikuwa nimelitamka mara nyingi, na kila mara lilikuwa lawama: kwa nini umechelewa, kwa nini hukufanya kazi ya ziada, kwa nini sare yako ni chafu. Jibu la maswali hayo ni "Samahani, mwalimu". Sasa nikisimama mbele ya darasa nikamuuliza mtoto "Kwa nini umesema hivyo?", yeye husikia kwamba amekosea, naye huinamisha kichwa na kulifuta jibu, hata likiwa sahihi. Nimeliacha neno hilo katika somo la Hisabati. Badala yake nasema "Umejuaje?" au "Ungemweleza vipi mdogo wako?" Swali ni lilelile, lakini halina kiboko ndani yake.

Nitoe mfano. Tulikuwa tukijumlisha 1/2 na 1/3, na nilipopita kati ya madawati niliona madaftari mengi yana 2/5. Zamani ningeandika njia sahihi ubaoni na kuwaambia wanakili. Safari hii niliandika 2/5 ubaoni bila kutaja jina la mtu, nikasema, "Kuna mtu amepata hivi. Msiniambie kama amepata au amekosa. Niambieni alifikiri nini." Wakaeleza bila tabu kwamba alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kisha nikachora chapati. "Huyu mtu alikuwa na nusu chapati, akaongezewa theluthi. Mwishowe ana 2/5. Je, 2/5 ni zaidi ya nusu au ni chini ya nusu?" Nilisubiri. Wakaanza kunong'ona, wakagawa chapati katika vipande vitano madaftarini, na msichana mmoja wa nyuma, ambaye hata mkono hakuinua, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa hiyo theluthi imeliwa na nani?" Nimefundisha sehemu kwa miaka mingi, sijawahi kupata ufafanuzi ulio bora kuliko huo.

Kwa darasa kubwa, nawapa dakika moja wafikiri kimya, dakika mbili wajadili wawiliwawili na jirani wa dawati, ndipo wachache wasimame. Utaratibu huo ulielezwa na mwalimu Mmarekani, Frank Lyman, mwaka 1981, na walimu wengi wa kwetu wanaujua kutoka kwenye semina, ingawa huruka ile dakika ya kimya kwa haraka na hivyo kuharibu kila kitu. Atakayesimama simchagui mimi. Majina yote yameandikwa kwenye vipande vya maboksi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, nami nachomoa. Na aliyechomolewa simwambii "Jibu ni nini?", namwambia "Mwenzako alikuwa anasemaje?" Mtoto mwenye haya hueleza mawazo ya jirani kwa ujasiri asioupata akieleza yake.

Historia, Ruvuma

Nichangie kwa ufupi. Nilizoea kuuliza sababu za Vita vya Majimaji na kupata orodha ileile: kodi, kazi za kulazimishwa, mashamba ya pamba. Sasa nawaeleza kwamba vita vilianzia Umatumbini mwaka 1905, ambako watu walilazimishwa kulima pamba, halafu nauliza: Wangoni wa huku Songea walikuwa mbali na mashamba hayo, na bado walipigana; basi pamba ilikuwa sababu ya nani? Orodha haiwasaidii tena. Inawabidi waulizane kila kundi lilipoteza nini, na hapo ndipo somo la historia huanza.

Fizikia Kidato cha Tatu

Namjibu Mwalimu wa Taaluma, ambaye hoja zake si za kupuuzwa.

Maswali ya kuchagua si adui wa fikra, yanategemea unayatumiaje. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukatisha mihadhara yake kwa swali la kuchagua. Kila mwanafunzi huchagua kimya, kisha humtafuta jirani aliyechagua tofauti na kujaribu kumshawishi, kisha wote huchagua tena. Ukumbi wa mamia ya watu hufikiri kwa wakati mmoja, na hahitajiki mtu wa kuinuliwa. Kwa darasa la sita unaweza kuchukua swali la mtihani uliopita, kwa mfano 0.3 × 0.2, lenye majibu A 0.6, B 0.06, C 0.5 na D 6. Waambie jibu sahihi ni B, uwanyang'anye hamu ya kubahatisha, halafu uwaulize mwenye A alipita njia gani, mwenye C naye alipita wapi, na ni kitu gani kingemshtua mwenye A hata kabla ya kuhesabu nukta. Yule atakayeona kwamba sehemu ya 0.2 haiwezi kuzidi 0.2 yenyewe hatakosa swali la aina hiyo tena. Dakika nane zinatosha, na mtihani umefundishiwa humohumo.

Kuhusu kujibizana, nafundisha shule ya sekondari, ambako kizuizi cha kwanza ni lugha. Mwanafunzi aliyejadili kwa Kiswahili miaka saba anatakiwa afikiri kwa Kiingereza mbele ya darasa, kwa hiyo huchagua sentensi ya kitabu. Mimi huwaacha jozi zibishane kwa Kiswahili, halafu tunalitafutia jibu maneno yake ya Kiingereza pamoja. Kuna wasiopenda utaratibu huo. Nimechagua kupata fikra kwanza.

Kizuizi cha pili ni kicheko. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa hapa Tanzania, alipokuwa kidato cha tatu, mwaka 1963, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa bado wa moto kwa kuogopa kukosa nafasi, naye akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wake akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Wanafunzi wakaifanya kuwa utani wao. Ni Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekwenda pale kuzungumza nao, aliyelichukua swali hilo akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, lakini mimi huwasimulia wanafunzi kwa sababu nyingine: swali lilelile liliulizwa mara tatu, na ni mtu wa tatu tu aliyesema twende tukaone. Sheria ya darasa langu ni moja, na mtoto yeyote anaweza kuitekeleza bila kumvunjia heshima baba yake mezani: tunapinga jibu, hatumcheki mjibuji.

Mwalimu wa Taaluma

Hiyo ya kutangaza kwamba jibu ni B nimeipenda, nitaijaribu na darasa la saba. Sijabadili msimamo wangu juu ya wingi wa mada.

Chaki Mkononi

Nawashukuru sana. Majuma mawili yamepita tangu niandike, na naona ni haki nirudi kueleza yaliyotokea.

Jaribio la kwanza lilikuwa fujo. Nilianza na majadiliano ya wawiliwawili bila ile dakika ya kimya (Mwalimu wa Kilifi alikuwa ameonya, nami sikusikia), na watoto 78 walipoambiwa wazungumze, walizungumza. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni kuuliza kama nimetoka. Siku iliyofuata niligawa muda upya na kuonyesha kwa mkono wa saa ya ukutani: mpaka hapa hakuna kusema, kuanzia hapa semeni na jirani tu. Ikaenda.

Kisha nikauliza swali la debe la mahindi, nikaweka mkono mfukoni. Nilifika kidole cha tano, nikaanza upya. Nilipokuwa kidole cha pili, mvulana anayekaa karibu na mlango, ambaye sikumbuki kama aliwahi kusema jambo mwaka huu, alisema, "Ya kwetu yaliota." Kicheko kikaanza, nikainua mkono kikakatika. Nilitaka kusema "Hapana, tunazungumzia yasiyoota", maana jibu nililolisubiri lilikuwa neno moja, "maji". Nikasema, "Enhe?" Akaeleza kwamba bati la stoo lilivuja, gunia likalowa upande mmoja, na walipolifungua mahindi ya upande huo yalikuwa yametoa mizizi, lakini ya katikati yalikuwa makavu vilevile. Nikasema tena, "Enhe?" Akafikiri, akasema, "Na gunia lilikuwa limefungwa, kwa hiyo mwanga haukuingia."

Sikupigisha makofi. Mikono kama 15 ilikuwa juu, na wengi hawakuwa wakiniangalia mimi, walikuwa wakimwangalia yeye. Mmoja alisema huenda ya katikati yalikosa hewa. Mwingine akasema kama ni hewa, mbona yalikuwa hayajaota hata kabla ya mvua, wakati gunia lote lilikuwa kavu. Nilikuwa nimepanga dakika tano. Zikaenda kumi na mbili, na mada ya pili ya siku hiyo sikuigusa, jambo ambalo Mwalimu wa Taaluma ana haki ya kunikumbusha.

Kengele ilipolia, msichana wa dawati la tatu aliuliza, "Mwalimu, mbegu inajuaje kwamba maji yamefika?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa darasa la sita. Nimeliandika swali lake kwenye kona ya juu ya ubao, nikalizungushia mstari, na nimemwambia kiranja kwamba anapofuta ubao asiguse hapo.